Kwa Kaka Odhis, Anayecheza Sataranji kwenye Taa Nyekundu

Kaka yangu Odhis,

Nimekutumia jumbe nyingi kwa simu, na zote umezijibu kwa emoji zinazocheka. Ndiyo maana leo naandika barua ndefu, tena ya wazi. Itabandikwa kwenye ubao wa klabu yetu ya sataranji shuleni, na wenzako wa steji ya bodaboda ya Kondele watatumiwa kwenye kundi lao. Kunicheka mimi peke yangu ni rahisi. Sijui kama utaweza kucheka mbele ya watu wote wanaokujua.

Yote yalianza na kazi ya klabu. Mwalimu wetu, Madam Akoth, alitwambia kila mmoja achague mchezaji wa mtandaoni anayecheza ile michezo ya kasi ya dakika tatu, asome michezo yake ya zamani na ya sasa, kisha aandike nguvu zake na mahali anapopaswa kujiboresha. Wenzangu walichagua mabingwa wa Ulaya na India. Mimi nilikuchagua wewe. Niliona ni kazi nyepesi, kwa kuwa ni wewe uliyenifundisha jinsi farasi anavyoruka.

Unakumbuka siku zile? Nilikuwa nikitoka shuleni napitia stejini kwenu, nawe umekaa juu ya pikipiki, helmeti imening'inia kwenye kioo cha pembeni, simu mkononi. "Dani, njoo uone mtu wa Brazil akilia." Uliniita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, kwa sababu nilipewa jina la nyanya yetu wa Asembo Bay, na ukitaka kunichokoza ulinisalimia kwa heshima zote mpaka ukainama. Nami nilijikunja kama kikongwe na kukuuliza, "Mjukuu wangu, umekula?" Wenzako walicheka hadi abiria wakashangaa.

Steji yenu ilikuwa na sheria moja ambayo siku hizo niliiona ya kikatili. Zamu yako ya kubeba abiria ikifika na macho yako yako kwenye simu, zamu inapita kwa anayefuata. Mwenyekiti wenu, Mzee Oloo, hakuwa na huruma.

"Odhis! Abiria huyo! Wacha hao farasi wa simu, panda huyu wa petroli!"

"Mzee, hatua mbili tu. Namnasa mfalme!"

"Huyo mfalme analipa fare?"

Hapo uliitumbukiza simu mfukoni, ukavaa helmeti, ukaondoka na mama wa watu na kuku wake. Mchezo ulibaki ukijichezea gizani mfukoni mwako mpaka muda wako ukaisha, na mtu wa Brazil akaandikiwa ushindi ambao hakuutolea jasho.

Nilipofungua michezo yako ya miaka hiyo kwenye kompyuta ya shule, Madam Akoth alisimama nyuma yangu akakunja uso. "Huyu mchezaji wako ana shida gani? Hapa yuko mbele kwa ngome nzima. Hapa anakaribia kumnasa mfalme. Mbona anaacha muda uishe?"

Nikamwambia, "Madam, hapo abiria alifika."

Darasa zima lilicheka, na hata yeye alicheka. Mimi nilijivuna. Niliandika kwenye daftari langu: michezo mingi iliyopotea si makosa ya mchezaji, ni foleni ya Kondele.

Sasa nikueleze nguvu zako, kwa sababu Madam alisema tuanze na mema, na pia kwa sababu nakupenda.

Nguvu yako ya kwanza ni farasi. Sijaona mtu anayewatumia farasi kama wewe. Wachezaji wengi wa kasi huwaogopa, maana farasi haendi moja kwa moja na macho yaliyochoka hayamwoni. Wewe humpeleka pembeni kana kwamba umemsahau, halafu ghafla anatishia mfalme na malkia kwa pamoja. Pia huogopi kubadilishana kete. Ukiwa mbele hata kwa askari mmoja tu, unafagia ubao mpaka abaki yeye na wafalme wawili, halafu unamsindikiza taratibu hadi mwisho kama mtu anayepeleka mtoto shule. Na hukasiriki. Nimesoma mamia ya michezo, sijaona mahali ulipomtukana mpinzani. Ukishindwa unaandika "mchezo mzuri, omera," hata kwa Mrusi asiyejua kwamba omera ni ndugu.

Nguvu yako nyingine ni ile hatua ya mapema. Kwa wasiojua sataranji ya mtandaoni nieleze: unaweza kuiamuru kete yako kabla mpinzani hajacheza, na akishacheza tu, yako inajisogeza yenyewe bila kutumia hata sekunde moja ya muda wako. Unafanya hivyo ukiwa na hakika ya atakachofanya mwenzako. Ulikuwa nayo tangu Kondele, lakini tangu uende Doha umekuwa bingwa wake. Niliandika hivyo kwenye daftari kwa wino wa bluu nikapigia mstari.

Halafu nikaendelea kusoma, na nikaanza kuogopa.

Tangu uanze kazi ya kupeleka vyakula kwa pikipiki huko Doha, huachi tena mchezo katikati. Nilidhani umepata nafasi ya kupumzika kati ya kazi na kazi. Lakini mtandao unaonyesha sekunde ulizotumia kwa kila hatua, na saa zenu na zetu ni zile zile, kwa hiyo ninajua ni wakati gani watu wa huko wanaagiza chakula cha mchana na cha jioni. Katika saa hizo hizo, michezo yako ina sura moja. Unacheza hatua nne, tano, upesi upesi kama mtu anayekimbizwa. Kisha kimya. Saa yako inakimbia, nawe huchezi chochote. Kisha hatua nyingine nne, tano. Kisha kimya tena. Nilifungua mchezo wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote ni hivyo.

Nilikaa nikitazama ule ukimya. Mtu anayefikiri hanyamazi hivyo, kwa sababu mara nyingi hatua inayofuata ilikuwa rahisi kabisa, ya kurudisha kete tu. Ndipo nikakumbuka picha uliyomtumia Mama, ukiwa umesimama kando ya pikipiki mpya, na simu imefungwa kwenye usukani ikuonyeshe njia.

Kaka, ile haraka ni taa nyekundu. Na ule ukimya ni barabara.

Lakini si kimya chote. Katikati ya kimya kirefu kuna hatua moja moja inayojisogeza yenyewe bila sekunde. Ni zile hatua za mapema. Unaiamuru kete taa inapogeuka, unaondoka, na ubao unabaki ukimetameta mbele ya macho yako huku magari makubwa yakikupita kushoto na kulia. Sitaki kuamini kwamba huangalii kama imefika. Nakujua. Unaangalia.

Jumapili ile tulipopiga simu, Mama alipokwenda kuhudumia mteja wa samaki wake nilikuuliza.

"Odhis, unacheza ukiwa barabarani?"

"Taa nyekundu za huku ni ndefu, Dani. Unataka nihesabu magari?"

"Na ikiwa ya kijani?"

"Ikiwa ya kijani naenda. Wewe umekuwa trafiki lini?"

"Nimeona kwenye michezo yako. Kuna hatua zinacheza ukiwa unaendesha."

"Hizo zinajicheza zenyewe, Dani. Mikono yangu iko kwenye usukani."

"Na macho?"

Ulicheka. Ukasema natia chumvi, ukaniuliza kama nimefanya hesabu zangu, ukasema kazi ni ya upweke na ile michezo ndiyo watu wako wa kuongea nao mchana kutwa. Hilo la mwisho ulilisema haraka, kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mgongo, lakini nililisikia. Sijalisahau.

Sasa nikwambie kitu ambacho hukijui. Mama hajui kusogeza hata askari mmoja, lakini anajua kufungua jina lako kwenye ule mtandao. Nilimfundisha mwenyewe ulipoondoka. Jioni, akiwa pale Otonglo anakaanga samaki kando ya barabara, ananipa simu na mikono yake ya mafuta. "Angalia taa ya Odhis." Ile nukta ya kijani kando ya jina lako, inayowaka ukiwa mtandaoni. Nikimwambia inawaka, uso wake unalegea. Anawaambia wateja, "Kijana wangu wa Doha anacheza. Akicheza ni mzima." Mteja mmoja alimtania, "Mama Odhis, na akilala?" Akajibu, "Akilala namwachia Mungu. Akicheza najionea mwenyewe."

Fikiria hali yangu, kaka. Nasimama kando ya karai la samaki, ni saa ya watu wa Doha kuagiza chakula cha jioni, taa yako inawaka, na ninapaswa kumwambia Mama, "Inawaka," kwa sauti ya furaha. Kila inapowaka saa hizo najua uko barabarani.

Jumatano iliyopita nilikuwa nikiutazama mchezo wako moja kwa moja kwenye kompyuta ya shule. Ulikuwa unashinda. Farasi wako alikuwa amekaa pale pazuri, ilibaki umchukue malkia wa yule mtu bure. Halafu kimya. Nikasema moyoni, sasa anaendesha. Nikangoja. Saa yako ikaendelea kushuka. Nikangoja. Ikaisha. Taa yako ikabaki kijani kwa muda, kisha ikazimika. Huko nyuma ningesema abiria amefika. Lakini Doha hakuna Mzee Oloo wa kukupigia kelele uweke simu mfukoni. Nilitoka chumba cha kompyuta nikakimbia hadi lango, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikiomba Mungu asiruhusu simu ya Mama ilie kwa namba ya kigeni. Nilimkuta anapanga samaki kwenye sinia, akaniuliza mbona nahema. Nikasema nimekimbia. Tulikupigia ukachelewa kupokea, na ulipopokea ulisema chaji iliisha. Ulicheka tena. Mimi nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia.

Sasa hapa ndipo mahali pako pa kujiboresha, na ni jambo moja tu. Nimepekua michezo ambayo ulishindwa kweli, bila abiria na bila chaji kuisha. Karibu yote ni kosa lile lile: hatua ya mapema. Unaamini mpinzani atachukua kete yako, unaamuru kuirudisha, naye hachukui. Anafanya kitu kingine kabisa, na kete yako inakwenda mahali ambapo haikupaswa kwenda, na malkia wako anabaki wazi. Huwa hujamwona. Ulikuwa umekwisha amua atafanya nini.

Kwenye sataranji unapoteza malkia, unaandika "mchezo mzuri, omera," unaanza upya. Dereva wa lori anayebadilisha njia bila kuonyesha ishara hatakupa mchezo mwingine. Siwezi kuliandika hili kwa upole zaidi, nimejaribu mara nyingi.

Nilipompelekea Madam Akoth kazi yangu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Aliniuliza, "Mama yako anajua?" Nikatikisa kichwa. Akanirudishia. "Hii si kazi ya klabu. Mwandikie mwenyewe. Lakini kabla hujaitoa, mama yako aisikie kwanza."

Kwa hiyo nimeshafanya mambo mawili. La kwanza, nimeufunga mlango wa michezo ya kasi kati yangu na wewe. Ukinialika mchezo wa dakika tatu, hautafunguka. Badala yake nimekuanzishia mchezo wa polepole, ule ambao kila hatua ina siku nzima. Nimecheza hatua yangu. Nitafurahi ukijibu ukiwa umeoga, umekula, umekaa kitandani na viatu umevua. Uniandikie pia kando ya ubao jinsi siku ilivyokuwa. Kama ni upweke, mimi nipo, na nina maneno mengi kuliko yule mtu wa Brazil.

La pili lilikuwa gumu. Jana jioni nilimsomea Mama barua hii, mpaka hapa. Aliendelea kugeuza samaki mwanzoni. Nilipofika kwenye simu iliyofungwa kwenye usukani, akaacha. Samaki wawili wakaungua. Nilidhani atanigombeza kwa kumficha, au atakupigia papo hapo apige kelele hadi Doha isikie. Akafuta mikono kwenye aproni, akachukua simu, akaifungua mahali nilipomfundisha. Ilikuwa saa ya chakula cha jioni. Taa yako ilikuwa inawaka.

Kisha akaifunika simu kifudifudi mezani, akasema taratibu, "Mwandikie aizime hiyo taa. Mwambie akiwa kazini nisiione kabisa. Nitazoea."

Ninaogopa bado, lakini leo tunaogopa wawili, na tunangoja kuona jina lako likiwa giza.

Fika salama kila unakokwenda, kaka.

Mdogo wako anayekupenda,
Dani wa Otonglo