Baba, Ulipita Mbele ya Kamera

Mbagala, Dar es Salaam

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpe mama hapo alipo, maana najua barua hii anaisoma yeye, kwa sababu miwani yako ilibaki msituni na wewe hutaki kukubali kwamba huoni. Mama, msomee yote, usiruke, hata pale ninapomsema.

Mguu unaendeleaje? Hilo hogo la plasta walilokufunga hospitali bado linakuwasha? Kaka Maganga kanipasha kwamba unaingiza njiti ya fagio humo ndani kujikuna. Baba, nakuomba kwa heshima zote, acha. Mie huku mzima wa afya, kazi inaenda, chumba hakivuji tena tangu mwenye nyumba abadilishe bati. Yaani mwezi huu shukrani zimenijaa mpaka nimekuwa msumbufu. Hata mama muuza chapati wa hapa mtaani nimemshukuru mpaka kaniuliza kama nina homa.

Ulipokuwa bado wodini Tabora uliniuliza kwenye simu, "Hivi nyie mlinionaje?" Nikaanza kusema, nikalia, ukabaki unaita haloo, haloo, mpaka simu ikakata. Sasa umesharudi nyumbani, na kwa mguu huo huwezi kupanda kichuguuni kutafuta mtandao. Kwa hiyo nimeona nikuandikie. Barua anakuja nayo jirani yangu anayekwenda Sikonge kwao likizo, pamoja na kikoi chako na zile dawa za mama.

Kazi yangu unaijua juu juu tu. Najua ukiulizwa huwa unasema "binti yangu Dar anaangalia picha za wanyama," watu wanacheka, na wewe unacheka nao. Lakini ndiyo kazi yenyewe, Baba. Kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa, kampuni inafunga kamera ndogo kwenye miti huko kitaluni, kwenye eneo la msitu ililopewa kuwindia. Kitu kikipita mbele yake, inajipiga yenyewe. Dereva anazunguka kuchomoa zile kadi za picha, anazileta hapa Temeke, na sie tunakaa kutambua nani kapita. Huyu pofu, huyu kongoni, huyu nyegere, huyu simba dume lakini bado kijana, asiguswe. Picha nyingine ni jani tu limepepea. Nyingine ni pua ya ngiri imeziba kioo chote. Ikitokea picha ya mtu, hatuigusi, tunampelekea bosi wetu, Bwana Seif, yeye ndiye anayeongea na askari wa kitalu.

Kwenye meza ya pili anakaa Mwanaidi. Huyu ni Mzaramo wa hapa hapa Mbagala, kazaliwa hapa, kakulia hapa, na simba wa kwanza kumwona alimwona kwenye kompyuta ya ofisi. Unajua tena sie na wao ni watani. Tangu siku ya kwanza aliposikia mie Mnyamwezi, nimekoma. Akitokea fisi kwenye picha anaita, "Milembe, njoo umpokee mjomba!" Akitokea nyegere anachimba mzinga, "Baba yako huyo, mwambie atubakizie na sie asali." Na mie simwachii. Nguruwe pori mwenye tumbo kubwa akipita nasema huyo ni shangazi yake anatoka kwenye ngoma, kala ubwabwa mpaka kashindwa kutembea. Tunacheka, kazi inaenda. Bwana Seif anapita anatikisa kichwa.

Sasa Jumapili ile mama alinipigia baada ya ibada. Akasema wenzako wamerudi na asali, wewe hujarudi. Wakadhani umetangulia, kumbe umebaki. Babu mdogo Kapama keshaondoka na vijana kukutafuta kwenye mizinga yenu yote ya upande huu. Na wewe, Baba, samahani nikuseme, ulikuwa umevuka mto peke yako kwenda kwenye mizinga ya zamani ya marehemu babu, bila kumwambia mtu hata mmoja! Wanakutafuta mashariki na wewe uko magharibi. Hapa mama najua kasita kusoma. Endelea, mama.

Kesho yake nilikwenda kazini hivyo hivyo, maana ningebaki chumbani ningeongea na kuta. Sikumwambia mtu ofisini. Nilihisi nikilitamka tu litakuwa kweli. Nikakaa, nikafungua picha zangu, tohe, tohe, nungunungu, na kila picha sioni kitu.

Zikaletwa kadi mpya. Mwanaidi akachukua moja, mie nikachukua nyingine. Haukupita muda akaanza kucheka. Akasema, "Ebwana Milembe, huyu mnyama gani huyu? Ana nundu, na mkia wake mnene kama dumu." Kisha akapiga meza. "Baba yako huyu! Na leo kalewa, anatambaa!"

Nikavuta kiti nikaenda kuangalia, ili tu asijue kwamba sina hali ya kucheka.

Ilikuwa picha ya alfajiri, rangi ndiyo zinaanza kuonekana. Kitu kimeinama chini kabisa, kimebeba gunia mgongoni, na nyuma kinakokota kitu kwa kamba. Nikaona mkono. Kwenye mkono nikaona sweta. Sweta langu la shule, Baba. Lile la kijani lenye mistari ya njano, ambalo mama alilifumua kwapani akaongezea kitambaa likutoshe, ulivae kwa ajili ya nyuki.

Nilipiga ukelele. Mwanaidi akazidi kucheka, maana ndio mchezo wenyewe, mtani akilia unamcheka zaidi. Aliendelea kidogo. Halafu akaona nimeweka kidole kwenye lile sweta, nikamwambia, "Mwanaidi, ni baba kweli." Uso wake ulivyobadilika, sijui hata nikueleze vipi. Akaziba mdomo, machozi yakaanza kumtoka kabla yangu mie.

Nikataka kukimbilia kwa Bwana Seif. Mwanaidi akanishika. "Ngoja. Hii picha si ya leo, angalia tarehe chini. Tukienda sasa hivi atatuuliza yuko wapi, tutasema nini? Tumtafute kwanza alikoelekea." Hapo ndipo nilipojua huyu binti ana akili za kukaa nazo wakati wenzake zimeruka. Kila kamera ina jina la mahali ilipofungwa. Wewe ulionekana njia ya lamboni, unaelekea kwenye bwawa. Kwa hiyo tukatafuta kadi ya lamboni kwenyewe, akaichomeka, akaanza kufungua picha moja moja.

Mie sikuweza kutazama. Nikafunika uso, nikawa namuuliza tu.

"Nini hiyo?"

"Fisi."

"Na hiyo?"

"Fisi huyo huyo. Hapana, wawili."

"Mwanaidi, na hiyo?"

"Milembe, bado ni fisi. Subiri mwenzangu. Subiri."

Nilikuwa nawajua fisi, Baba, nimekaa nao kwenye picha kila siku, siku zote ni kazi tu. Siku ile nilitamani wafe wote dunia nzima. Akafungua nyingine, akanyamaza. Nikasema moyoni, kwa heri Baba. Kisha akasema taratibu sana, "Baba."

Hakusema baba yako. Alisema Baba.

Nikatoa mikono usoni. Ulikuwa umekaa kando ya maji, umeegemea gogo, mguu umeufunga vijiti viwili kwa kamba ya gome. Pembeni kuna moto na moshi wake, kumbe ulikuwa na mwenge wako wa kufukizia nyuki! Wale fisi wamesimama mbali, wanaangalia tu. Na dumu la asali lipo hapo ubavuni kwako. Baba, mtu kaanguka mtini, mguu umevunjika, fisi wanamfuata, bado anakokota dumu? Nilicheka na kulia kwa pamoja. Picha ya mwisho ilikuonyesha umetoka majini, unatambaa kuelekea kambi ya zamani ya wawindaji, ile iliyofungwa mpaka msimu uanze.

Tukaingia kwa Bwana Seif bila kubisha hodi, wote wawili tunaongea kwa mpigo. Yeye ni mtu wa maneno machache. Babu yake alikuwa na duka la kununua nta na asali Tabora zamani, anawajua watu wa kwetu kuliko nilivyodhani. Akaangalia picha, akaniuliza, "Una hakika ni baba yako?" Nikasema sweta hilo nimelivaa mie. Akauliza, "Ana kibali cha kuingia humo?" Hapo niliogopa, maana watu wanaokutwa kitaluni wanakamatwa. Nikamwambia ukweli, kibali unacho, ila ni cha upande wa kwetu wa mto. Akashika redio ya upepo papo hapo. Akaniambia, "Hayo ya kibali tutazungumza naye akiwa amekaa kwenye kiti."

Akawaita askari, akawaelekeza kambi ya zamani, wakaondoka na gari. Kisha tukangoja. Bwana Seif aliacha mlango wake wazi ili tusikie. Mwanaidi alitandika mkeka pembeni akaswali, akarudi, akanishika mkono. Mie nilisali kwa namna yetu. Picha zilikuwa za siku kadhaa nyuma, Baba, na nilikuwa nahesabu vibaya kila nikijaribu kuhesabu. Maji uliyapata wapi humo kambini? Umekula nini? Homa je? Niliwaza mpaka nikaanza kupanga nani atakwenda kumwambia bibi.

Jioni redio ikakoroma. Askari akasema, "Yupo. Amejifungia jikoni. Amedhoofu lakini anaongea." Bwana Seif akamuuliza wewe unasema nini. Askari akacheka kule kule. "Anauliza nani atambebea dumu lake."

Nilikaa chini sakafuni. Bwana Seif alitoka nje akasimama uani, alituachia ofisi. Baadaye akarudi macho mekundu, akasema ni vumbi.

Yaliyofuata unayajua, gari, hospitali, mama kufika. Hulijui la huku. Mwanaidi alibadilika. Akawa mpole, ananiita dada, fisi anapita kwenye picha yeye kimya, anaandika tu fisi. Nikaona siku hazina chumvi kabisa. Jumamosi moja kaja chumbani kwangu na mama yake mzazi, kavaa baibui la heshima, kabeba na sahani ya visheti. Kaanza, "Dada Milembe, nimekuja kuomba radhi kwa lile neno la kwamba baba kalewa." Hata hajamaliza mama yake kamdaka. "We mtoto, umechanganyikiwa? Mtani anaomba radhi lini? Mtani anadai! Sisi ndio tuliomwona huyo Mnyamwezi akitambaa, hilo dumu la asali ni letu. Mwambie baba yako alete, asipoleta tunakuja kuchukua kuku, na yeye mguu mbovu, atatukimbiza na nini?"

Baba, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mwanaidi naye akaanza, akasema safari hii anataka na sweta. Kwa hiyo deni la utani ninalifikisha kama lilivyo. Tuma chupa mbili za asali kwa huyu huyu jirani akirudi, moja ya watani, moja ya Bwana Seif. Hakuomba, lakini nataka aipate. Na yeye ana neno moja tu kwako. Siku nyingine warina asali wakitaka kuvuka mto waende kwanza kwa askari waseme, wataruhusiwa. Mfikishie na babu mdogo Kapama.

Baba, nilitaka nikushukuru wewe kwanza, ila nimezunguka mpaka huku mwishoni. Asante kwa kujifunga vijiti. Asante kwa kuwasha moto. Asante kwa kutambaa, najua ilikuuma kila hatua na hakuna aliyekuwa anakuona, ulijua hivyo, na bado ukaendelea. Huku nimeona picha nyingi za vitu vinavyokwenda majini. Hiyo ya kwako sijamwonyesha mtu mwingine.

Nisalimie bibi, mwambie visheti nilimbakizia ila vimeliwa. Kaka Maganga na mkewe, nawashukuru kwa kukuuguza hospitali kwa zamu. Mama mkubwa Sado aliyepika uji kila siku, Mungu amzidishie. Mdogo wangu Kabula asome, aache kushika simu ya watu. Babu mdogo Kapama na vijana wote waliolala msituni wakikutafuta upande usio wako, nawapigia magoti. Na mama, wewe nakukumbatia kwa mikono yote, futa uso uendelee, imebaki kidogo.

Sitakwambia usirudi msituni. Mama angefurahi niseme, lakini nakujua, utaitikia ndiyo halafu mguu ukipona tu utachukua kamba. Ila nakuomba jambo moja. Pale njia ya lamboni, kwenye mti wa mninga, ile kamera bado ipo, imefungwa usawa wa paja. Ukifika hapo usipite tu. Simama wima, kwa miguu yako yote miwili, geuza uso uangalie pale kwenye kioo chake. Kaa hivyo kidogo. Mie nipo huku upande wa pili, nangoja kukuona umesimama.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Milembe