Kifaa Nilichomtengenezea Papa

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 12 Oktoba 2025

Mpendwa Tantine Victorine,

Ninakusalimu nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa baridi umepoa. Mihogo inaendeleaje? Je, mvua imeshaanza huko Mitwaba? Huku bado ni vumbi tu. Sisi tupo, ila nyumba yetu imekuwa kimya.

Nilifaulu mtihani wa serikali. Mama alinimwagia poda kichwani, kama tunavyowafanyia waliofaulu, na majirani waliimba. Pesa za chuo kikuu hazijapatikana, kwa hiyo ninakaa na Papa barabarani, pale anapotengeneza baiskeli.

Tantine, macho ya Papa, ndugu yako, yamezidi kuharibika. Daktari alisema mwanga uliopotea haurudi. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akizungusha gurudumu na kutazama jante, ule ukingo wa chuma wa gurudumu, inavyoyumba karibu na kidole gumba chake, kisha kukaza rayo, zile njiti nyembamba za chuma. Sasa haoni tena kuyumba huko. Wabeba makala, wanaosafirisha mkaa kwa baiskeli, walianza kurudi na magurudumu yaliyopinda kuliko mwanzo. Wengine hawakurudi.

Basi nilichukua uma wa mbele wa baiskeli iliyovunjika, nikaugeuza miguu juu na kuufunga kwa boliti kwenye ubao mzito. Gurudumu linakaa katikati. Kila upande niliweka msumari unaokaribia jante bila kuigusa. Jante ikiyumba kuume, msumari wa kuume unakwaruza, na hapo unakaza rayo za kushoto. Nilijaribu nikiwa nimefumba macho. Inawezekana, Tantine. Masikio yanatosha.

Papa alijaribu uani, tukiwa peke yetu. Alinyoosha gurudumu moja mpaka likazunguka bila sauti yoyote. Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

Kesho yake tulikipeleka kifaa barabarani. Nono, mbeba makala ambaye kila mtu anamjua kwa utani wake, alirudi kuchukua kinga yake, yaani baiskeli, akamkuta Papa ameinamisha sikio kwenye gurudumu lake.

“Eh, Papa Léa! Unasikilisha habari gani? Kinga yangu inasema nini?”

Watu wote walicheka. Nono hana roho mbaya, na yeye mwenyewe hakujua kwamba macho ya Papa yameharibika. Lakini Papa aliacha ufunguo wa kukazia rayo, akasimama.

“Mupatie mutoto,” alisema. “Njo yeye fundi sasa.”

Nilitaka kusema hapana, kifaa ni cha Papa, mwacheni amalize. Unanijua, Tantine, mbele ya watu sauti yangu haitoki. Nono aliniwekea gurudumu mikononi nami nikalinyoosha. Tangu siku hiyo wateja wamerudi wengi, wananiita “Mademoiselle mécano!”, yaani binti fundi, na Papa anakaa nyuma yangu kwenye kibao, mikono magotini. Nilimtengenezea kifaa ili abaki na kazi yake, na kifaa hicho ndicho kimemwondoa.

Juzi alituambia kwamba anakuja kwako na lori la mwisho wa mwezi. Mama aliuliza ni kutembea kwa muda gani. Papa alijibu kwamba si kutembea, anakuja kukaa. Mama alilia.

Mpokee, tafadhali, lakini usimwekee kiti kivulini kama mgonjwa. Dereva anayekuletea barua hii anakuletea pia kifaa, nimekifunga ndani ya mfuko wa makala. Nitajitengenezea kingine. Kiweke nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu hawapiti.

Nisalimie Mwape na watoto wake, na Bibi Ngalula akiwa bado na nguvu. Mama anakukumbatia. Mungu akulinde shambani na njiani, na ampe Papa safari ya amani.

Nina ombi moja tu, Tantine. Kabla hajafika, legeza rayo chache za gurudumu la baiskeli yako. Zisiwe nyingi. Kisha mwambie linayumba, mpe ufunguo, na uende shambani.

Mtoto wako anayekupenda sana,
Léa