Maji Yaliyokataa Mfereji Wangu

Mjukuu wangu Elibariki,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Nduruma sote wazima. Ng'ombe wako amezaa ndama jike, na mama yako anasema umpe wewe jina.

Sasa hili la Watao, hao wenye hekima wa Kichina unaowasoma. Unasema kitabu chao kinafundisha kwamba kila kitu kina njia yake, kama maji, na mtu asilazimishe mambo. Kwa hiyo huoni sababu ya kuhangaika na mtihani. Elibariki! Umenichosha.

Wakati wa Wajerumani, nikiwa msichana wa shule ya misheni, zamu yetu ya maji ya mfereji ilikuwa inaisha adhuhuri, na maharage yalikuwa yanakauka. Mwalimu alitufundisha kwamba mstari ulionyooka ndio njia fupi, basi nikachimba mfereji mdogo moja kwa moja kuelekea kwenye maharage, mpaka nikafika kwenye jiwe. Nikalipiga kwa jembe, nikalipiga tena. Maji yakarudi nyuma, yakanilowesha.

"We msomi," mama akacheka, "hilo jiwe limekukosea nini?"

Nikaweka jembe chini, nikanuna. Hapo nikaona maji yanalizunguka jiwe polepole, yakitafuta mteremko. Nikachimba kuyafuata, na maharage yakanywa kabla jirani hajaja kuyageuza maji yaende shambani kwake.

Labda hicho ndicho walichokiona wazee wa Kichina. Kitabu chao sijakisoma. Lakini jembe nililiokota tena, mjukuu wangu. Na wewe okota lako.

Bibi yako, ambaye bado ana matumaini na wewe.