Kiuno cha Njeri

Jumapili, Walthamstow

Leo tena kanisani wote walikuwa wakimsifu Njeri kwa kupungua. Mume wangu naye akaninong'oneza, "Unaona vile Njeri amependeza?" Roho ikaniuma.

Chai ya kijani ya kupunguza mwili tulianza kuinywa pamoja, mimi na Njeri, chungu, bila sukari. Mimi nguo bado zinanibana. Yeye sketi zinamdondoka.

Baada ya ibada, tukiosha vikombe jikoni, nikamuuliza huwa anakunywa vikombe vingapi.

"Hiyo chai niliiacha kitambo, dada," akasema. "Baba Kimani alituhama, mimi na mtoto. Tangu hapo chakula hakipiti kooni. Usimwambie mtu."

Akaanza kulia, nikamkumbatia. Mikono yangu ikazunguka kiuno chake ikakutana nyuma, na Mungu anisamehe, hata hapo nilimwonea wivu.