Hedwiga Amekataa Picha ya Pili

Edina, uko wapi? Dada Hedwiga ameshuka kwenye gari la kupimia matiti hapa Mbinga, kajifunga kanga, karudi Mbuji. Kaondoka!

Picha ya kwanza ilijaa vidoa vyeupe juu ya lile donge la titini. Kumbe mganga alimchanja chale palepale, akasugulia mrututu, ile dawa ya shaba tunayopulizia mikahawa shambani!

Nesi akamwambia, “Mama, hiyo dawa imeziba, sioni kitu. Tupige tena kwa ubavuni.”

“Tena? Mionzi mara mbili? Si ndiyo inayoleta saratani?”

“Mionzi yenyewe ni kidogo sana mama. La kuogopa ni hilo donge.”

“Hata dawa ya mikahawa mlisema haina madhara. Mume wangu Stephano aliipulizia miaka yote, ikamuua. Yuko wapi leo?”

Edina, nilikuwa nimesimama pale, nawe unanijua mimi. Tangu ushirika wetu wa kahawa ufe na kila mwenye duka aanze kutuuzia sumu, nimepiga kelele mpaka sauti ikakauka. Leo nimenyamaza, maana alichosema ni kweli.

Gari la kupimia linaondoka jioni. Nimepanda bodaboda namfuata, simu yangu hapokei. Mpigie wewe uliyesimamia ndoa yake. Mwambie kwamba Stephano alikufa bila kupata hata hiyo picha moja.