Shemeji Hajatoka Uwanjani

Mshauri wetu, naomba unisaidie, ila kabla sijamwaga shida zangu nataka ujue unaandikiwa na nani, mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti ya nusu ya mji huu yametoka mkononi mwangu, mwizi akiona geti langu anageuza njia anakwenda kutafuta kazi ya halali, shule sikwenda, herufi nilijifunza kwa kuzikata kwenye bati za watu waliotaka majina yao getini, kwa hiyo ukiona mwandiko umesimama kama chuma usishangae.

Shida yangu ni gemu ya mpira, ya kwenye TV. Usicheke. Ni gemu ya zamani, mashine yake tuliinunua ikiwa imeshachoka, mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi nguo, mtu mwembamba mpaka tukamwita Sindano, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikuwa anafunika cherehani yake anakuja sebuleni kwangu kufungwa, maana nilikuwa namfunga mpaka namwonea huruma, yeye angekwambia vingine lakini hayupo. Na gemu yenyewe mbovu kwelikweli, refa anazama kwenye nyasi mpaka magotini, kipa akichoka anakumbatia nguzo ya goli, mtangazaji anapiga kelele za goli mpira ukiwa bado katikati, na kuna wakati mpira unanasa kwenye kibendera cha kona, unatetemeka tu pale, saa ya mchezo inasimama na refa hapulizi mpaka mtu aukwamue. Wajukuu waliniletea gemu mpya, wachezaji wanatoka jasho kabisa, nikawarudishia. Ile yetu tulikuwa tunaujua ubovu wake kama unavyoujua mlango wa kwako unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke, tulicheka mpaka dada akituletea chai anauliza tumekunywa nini kabla yake.

Sindano alikuwa na tabia, akianza kuwaza, labda suruali ya mtu imemshinda, mchezaji wake anazunguka duara la katikati, polepole, kushoto kwenda kulia, huku mimi namsema kwamba anapima kiuno cha uwanja. Siku ile mpira ulinasa kwenye kona, tuko mbili kwa mbili, akaweka pedi yake, kile kidude cha kuchezea, kwenye kiti akasema, "Usiguse kitu, shemeji, naenda kunyoosha mgongo kidogo." Akaenda kuunyoosha kitandani kwake na hakuamka.

Sikuzima. Nilishindwa. Tuliporudi kutoka makaburini nikaingia sebuleni, jua linawaka nje, watu wanaongea barazani, na ndani yule mchezaji wake anazunguka.

Nikamwita fundi redio. Akaangalia, akasema kijiti cha pedi kimelegea, kinajisukuma chenyewe, jambo la kawaida. Nikamshukuru, na alipoondoka nikachomoa waya wa pedi ya Sindano. Mchezaji akasimama. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu akaanza tena, safari hii kulia kwenda kushoto.

Najua sifa yangu mtaani, mimi ndiye niliyesimulia kwamba niliwahi kuchomelea geti zima nikiwa usingizini. Hii si ya aina ile.

Dada yangu akaja kuchukua kiti cha mumewe. Akatazama TV, akakaa. Hakupiga kelele, akasema tu, "Kaka, amechoka huyu." Tangu hapo anakuja kila mchana na vikombe viwili, kimoja anakunywa, kingine kinapoa mbele ya TV, anamsimulia habari za nyumbani, na mimi nimeona kwa macho yangu, akisimuliwa anapunguza mwendo. Sasa binti yao, mpwa wangu, ana mimba yake ya kwanza, daktari amemwambia alale tu asiinuke, anamwita mama yake akakae naye na dada amekataa katakata, anasema hawezi kumwacha mumewe uwanjani peke yake. Mpwa wangu ananipigia mimi. "Mjomba, naogopa," anasema. "Mwambie mama aje."

Nikajipa moyo, nikasema niukwamue ule mpira mechi iishe. Niliposhika pedi yangu wachezaji wote wakasimama, wake na wangu, wakageuza nyuso kunitazama, na mtangazaji, ambaye tangu msiba hajasema neno, akasema goli, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekaa karibu. Nikaweka pedi chini. Mshauri, mimi sijawahi kuogopa geti wala mwenye geti. Nizime? Na nikizima, nitakuwa nimemfanya nini shemeji yangu?

Fundi wa Mageti

JIBU

Fundi, pole na msiba. Hiyo pole ni ya dhati, ishike vizuri, maana yanayofuata si matamu.

Umejaza karatasi kwa mageti yako na ubovu wa gemu, na mtoto aliyelala kitandani kwa hofu ukampa mistari miwili mwishoni. Unasema dada yako ndiye hataki kuondoka. Nani ameiacha TV inawaka? Wewe ndiye uliyepungukiwa mtu wa kumtania, na dada yako umemfanya mlinzi.

Kama ni kijiti au si kijiti, sijui, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba mtu aliyeaga anakwenda kunyoosha mgongo hakukuomba umweke amesimama. Dada yako alikwambia siku ya kwanza kabisa kwamba amechoka. Hukumsikia.

Fanya hivi. Mchana wa leo chai chemsha wewe. Miaka yote hiyo aliwaletea chai, kuna siku mlimwuliza kama anataka kucheza? Mkalishe kwenye kiti cha mumewe, mpe pedi ya mumewe, hivyo hivyo bila waya. Usiichomeke. Amwambie mumewe kwa mdomo wake kwamba anakwenda kwa binti yao. Wewe nyamaza, najua itakuuma, na pedi yako usiiguse. Mpira ukitoka kwenye kona, hutakuwa na haja ya kuniuliza nani kautoa. Usipotoka, ukwamue wewe, na wakikutazama, watazame na wewe. Mwache refa apulize. Hapo ndipo uzime, pale ukutani, dada yako akiona, kisha umbebee begi mpaka kituoni leo hii hii.

Gemu yenu usiitupe. Kipa anayekumbatia nguzo hapatikani tena madukani. Ifunike, mpaka dada yako arudi na habari za mjukuu na umwombe mechi kama watu wazima.

Na kama Sindano ndiye atakayeshinda, fundi, usidai marudiano.