Bila kula

Koko,

Tangu tukuzike kule Mikelenge sijaweza kulisema hili kwa mdomo. Ninaandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la biolojia.

Mama, mtoto wako, analala sasa kitandani kwako. Vidonge vyako vya sukari vilivyobaki amevifunga kwenye kitambaa. Anasema ugonjwa ule ni wa ukoo, na kesho yeye pia anakwenda kupimwa damu. Ndiyo maana siwezi kuendelea kunyamaza.

Siku moja kabla ya kipimo chako, mganga wa hospitali alikuwa amekwambia, "Koko, kesho ukuye bila kula." Asubuhi nikakupikia chai kama kawaida, sukari vijiko vinne, na mikate miwili ya mafuta. Nilisita, nikakuuliza. Ukacheka: "Chai njo chakula? Kama sijagusa bugali, sijakula." Hata habari za vita ulizisimulia hivyo. Mji ulipozingirwa mkakimbilia msitu wa Kailo, na ulikuwa ukisema, "Miezi mitatu hatukukula," ingawa mlitafuna viazi vya porini na majani yasiyo na chumvi. Sukari iliporudi sokoni, hukunywa tena chai isiyo tamu. Mimi nani nikunyime?

Kwenye maabara yule mwenye sindano aliniuliza mimi, maana masikio yako yalikuwa mazito: "Amekula?" Nikasema hapana. Neno moja tu, Koko. Niliona aibu kueleza mbele ya foleni.

Sukari ikaonekana iko juu, wakakupa vidonge. Ulivimeza kila asubuhi, na kwa kuogopa ugonjwa ukaacha chai, ukaacha na wali. Ukawa unatetemeka, jasho linakutoka, unatuita kwa majina ya ndugu zako waliokufa vitani. Tulidhani ugonjwa unazidi. Tukakuongezea kidonge. Siku ya nne hukuamka.

Juzi mwalimu alitufundisha kwamba chai yenye sukari hupandisha sukari ya damu kwa muda, hata kipimo kikasema uongo. Akasema pia kuna vidonge vinavyoweza kuishusha kupita kiasi, mtu asipokula. Wenzangu walinakili. Mimi niliomba ruhusa, nikatoka nje.

Sijui kama ulikuwa mgonjwa kweli. Hakuna atakayejua tena.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mganga angesema "ufunge", usingegusa hata maji. Ulifunga Ramadhani miaka yote, hata ulipokuwa na homa. Neno tulikuwa nalo hapa nyumbani, na hakuna aliyelitumia.

Lala, Koko wangu. Mungu akupe huko raha uliyoikosa huku. Jioni hii, Mama akitoka shambani, nitamwambia yote: chai, mikate, na jibu langu kwenye foleni. Vile vidonge nitamwomba avitoe kwenye kitambaa tuvitupe pamoja. Huenda asinisemeshe kwa siku nyingi. Lakini kesho atakwenda amefunga.

Mjukuu wako,
Salima